Magunia Chumbani kwa Bi Mkubwa

Tangu mavuno ya mwaka jana nimekuwa nikilala na magunia ya mpunga ambayo si yangu. Yalipangwa kutoka ukutani hadi ukingoni mwa kitanda, na kila nilipogeuka usiku kiwiko changu kiligonga gunia, nikakumbuka kwamba mume wangu ana mke wa pili. Ndoumbé Diop ndiye mwenye magunia. Chumba chake kilijaa, ghala likajaa, akaja kupiga magoti mbele yangu mimi, Coumba Fall, bi mkubwa wa nyumba hii, nami kwa ujinga wangu nikamwambia aweke.

Hapa kwetu bondeni, kando ya Mto Senegal, mpunga haukai. Aliyetukopesha mbolea anakuja na lori lake hadi shambani, anachukua haki yake kwa magunia, na yanayobaki unayauza palepale kwa yeyote mwenye gari. Ndoumbé alikataa. Alikwenda mjini Ndar kwa sonara, akauza dhahabu yake yote ya harusi, akaulipa mkopo kwa fedha taslimu. Lori likaondoka tupu. Mume wetu Djibril alinyamaza siku nzima, na kwa Djibril huko ndiko kupiga kelele.

"Sasa mpunga wote huu utaufanyia nini?" nilimuuliza.

"Nitauacha uzeeke, Bi Mkubwa."

"Uzeeke? Kwani ni mume?"

Alicheka, lakini miguu yake haikutulia. "Niambie, kwa nini watu wa Dakar wanakula mchele wa meli, wakati sisi tunalima hapahapa?"

"Kwa sababu wetu unakuwa uji."

"Unakuwa uji kwa sababu ni mbichi! Ule wa meli umekaa maghalani huko Asia hadi umekauka moyo. Wetu tunauvuna, tunaukoboa na kuula, haujapata hata nafasi ya kupumua. Wangu nitaukalisha. Kisha nitaukoboa na kuuvunja chenga, maana mchele mzimamzima haunywi mchuzi. Halafu tuone nani atamtaka mtu wa meli."

Basi tukakaa na mpunga. Panya wakahamia kwetu na jamaa zao. Majirani walipopita waliuliza, "Wagonjwa wenu wameamkaje?" na waliokuwa wakiuliziwa ni magunia, si sisi. Ndoumbé alikonda. Aliingia chumbani mwangu bila hodi, akatumbukiza mkono ndani ya gunia, akang'ata punje, akasikiliza mlio wake, akatoka. Baada ya muda mfupi alirudi tena. Kwenye sherehe za watu alificha mikono ndani ya mtandio, kwa sababu mwanamke wa kwetu kwenda karamuni bila dhahabu ni sawa na kwenda uchi. Mimi na bangili zangu tatu nilikaa karibu naye na kumwonea aibu. Nilimwonea na hasira pia, maana alinifanya nami nisipate usingizi kwa ajili ya shamba lisilo langu.

Binti yangu alipojifungua, Ndoumbé alinijia kabla sijamshika mtoto vizuri.

"Bi Mkubwa, siku ya kumpa mtoto jina tupike mchele wangu."

"Kwenye karamu ya mjukuu wangu? Niwalishe wageni uji?"

"Médoune Ndiaye atakuja. Ni rafiki wa Djibril, hawezi kukosa. Malori yake yanalisha maduka kutoka Ndar mpaka Dakar. Asipoula huo mchele siku hiyo, hataula tena, na mimi dhahabu yangu nimeitupa mtoni."

Nilikubali. Msidhani nina roho nzuri. Nilitaka chumba changu.

Siku yenyewe Médoune aliingia uani na tumbo lake mbele na kofia yake nyekundu, na kabla hajasalimia mtu akapaza sauti: "Yuko wapi mtumwa wangu, yule Diop? Nasikia siku hizi anafuga panya!"

Akina Diop na akina Ndiaye ni watani tangu enzi za mababu, na mmoja akimwona mwenzake bila kumtukana, mtajua kuna msiba.

"Karibu, mla wali!" Ndoumbé alimjibu kutoka jikoni. "Harufu ya sufuria ilikufikia ukiwa bado Ndar?"

"Nimekuja kuhakikisha watumwa hawaunguzi chakula."

"Usijali, tumekuachia kichwa cha samaki. Akina Ndiaye hawajui sehemu nyingine."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na sufuria. Samaki chewa walikuwa wameiva, karoti na mihogo nimeshavitoa, mchele umepitishwa kwenye mvuke na unasubiri. Nikachukua upawa nikaanza kupunguza mchuzi, kama ambavyo kila mwanamke wa bondeni hupunguza anapopika mchele wa bondeni. Mkono ulifanya wenyewe, sikuufikiria.

"Rudisha!" Ndoumbé alinirukia.

"Nimepika mchele huu kabla mama yako hajaolewa."

"Huu hujawahi kuupika, hakuna aliyewahi! Nakuomba, Bi Mkubwa, rudisha mchuzi wote."

Alikuwa ameshika mfuniko wa moto bila kitambaa, wala hakuonekana kuhisi. Nikirudisha halafu uwe uji, nilijua nitasimuliwa mimi, mwenye karamu, mpaka mtoto huyu aje kuolewa. Niliiangalia mikono yake ile mitupu. Nikaumimina mchuzi wote, nikamimina na mchele, nikafunika, nikamwomba Mungu anisitiri.

Nilipofunua, mchele ulikuwa umekunywa mchuzi wote na juu umekauka. Nikaongeza. Ukanywa tena. Kila chenga imesimama peke yake, nyekundu ya nyanya, inang'aa mafuta.

Masinia yakatoka. Médoune akakunja mkono wa kanzu, akala. Hakusema neno. Wageni wengine walisifu, lakini wageni husifu hata majivu. Mtani ndiye anayekwambia ukweli, na mtani anayekula kimya ni mtani anayekuonea huruma. Ndoumbé alipita karibu na sinia lake akiwa na maji. Akapita na ndimu. Akapita hana kitu mkononi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni na upawa, nimesahau kwamba nina mjukuu.

Hatimaye Médoune akainua kichwa. "Na ukoko uko wapi? Au akina Diop mmeshaumaliza jikoni, kama kawaida yenu?"

Ndoumbé aliketi chini palepale kwenye mchanga akacheka huku machozi yanamtoka.

Alipoambiwa mchele ni wa nani, Médoune aliomba punje mbichi, akaing'ata kwa muda mrefu. "Nataka lori moja kila wiki," alisema, na safari hii hakutania.

"Ninao uliopo humu ndani tu."

"Na majirani?"

"Wameuza wote siku ya mavuno."

Akapangusa midomo. "Basi nitauchukua huo. Kwa bei ya mchele wa bondeni."

"Lakini umeuonja!"

"Mimi nimeuonja. Mwenye duka hajauonja. Nikimpelekea, wateja wake wataupenda, wiki ijayo watarudi kuuomba, na mimi nitamjibu nini? Kwamba kuna Diop mmoja aliuza bangili zake? Mtu wa meli hana mchele mtamu kuliko huu, dada yangu. Ana mchele kila siku."

"Mla wali!" nilimwambia. "Umekula ukoko wa mtu aliyejivua dhahabu!"

Mimi si Diop, kwa hiyo tusi langu lilikuwa tusi. Djibril aliinamisha macho. Médoune alivaa kofia yake taratibu.

"Mama, nitafutie maghala kumi," alisema, "halafu unitukane kwa ajili ya bei."

Alipoondoka Ndoumbé alikuwa anasugua sufuria kubwa. Hakulia, na hilo liliniudhi zaidi. Nyuma ya nyumba mpunga wetu wa msimu mpya ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa, na mwenye lori la mkopo alikuwa ameonekana barabarani jana.

"Yule sonara wa Ndar," nikamuuliza, "duka lake liko mtaa gani?"

Akaacha kusugua. "Bi Mkubwa, ghala lako na langu ni mawili tu."

"Najua kuhesabu. Dior wa jirani ana hereni. Mke wa imamu ana mkufu unaomchosha shingo. Kesho tunaanza kwao."

Bangili ya kwanza ilikataa kutoka, mkono umenenepa tangu niolewe. Ndoumbé alichovya vidole kwenye mafuta ya sufuria, akanipaka kifundoni, akavuta huku ananing'ang'ania kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye tope. Ikateleza.

"Magunia yako yatakaa upande wa ukuta," nilimwambia, nikimpa mkono wa pili. "Yangu yatalala karibu na kitanda."