Jirani Asiyepiga Hodi

Kuasili mtoto mkubwa kutoka nchi nyingine ni kazi ya kupanga foleni mpaka viatu viombe poo. Loredana na mumewe Ermes, wa kijiji kimoja karibu na mji wa Faenza, walikuwa wamehitimu kazi hiyo. Cheti cha daktari kilipopatikana, cha polisi kilikuwa kimekwisha muda. Cha polisi kilipofufuliwa, cha daktari nacho kikakata roho. Karani mmoja alidai vyeti vya vifo vya wazazi wao wote, vyenye mihuri, kisha mihuri ya kuthibitisha ile mihuri. Loredana alimwuliza kama angependa kuletewa na marehemu wenyewe. Ermes akamkanyaga mguu chini ya meza.

Hayo yote waliyavuka. Kizingiti kimoja tu hakikuwa cha karatasi. Binti waliyepangiwa, Yurani, alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwao Kolombia mtoto wa umri huo haasiliwi bila ridhaa yake mwenyewe. Wangekwenda Bogota, wakae naye siku chache, kisha wakili wa serikali anayetetea watoto angemwuliza. Akisema hapana, wangerudi na nguo za mtoto zikiwa bado na karatasi za bei.

Ili awafahamu mapema, waliagizwa wamtumie albamu ya picha: nyumba, chumba chake na watu wa humo. Na hapo ndipo anapoingia Bi Adalgisa.

Bi Adalgisa alikuwa mjane wa nyumba ya pili, mwenye miaka themanini na ushei, na ufunguo wa nyumba yao alikuwa nao tangu enzi za mama yake Ermes. Kijijini pale aliyepewa ufunguo hapigi hodi; akipiga, mwenye nyumba anajua wamekosana. Kila Jumamosi aliingia na fimbo yake ya kusukumia unga, kwa sababu tambi za Loredana, alisema, zingeweza kufungia suruali. Ofisa wa ustawi wa jamii alipokuja kukagua nyumba, ni yeye aliyemfungulia mlango na kujibu nusu ya maswali. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, alimweleza ofisa, huja na meno yote na hasira zote. Angekuwa yeye, angechukua mtoto mchanga. Loredana alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya picha naye alikuwepo. Picha ya jikoni yuko mbele na fimbo yake, Loredana anachungulia kwa nyuma. Ngazini yuko. Hata kwenye picha ya chumba cha mtoto amekaa kitandani, maana alikuwa anajaribu godoro na hakuona sababu ya kuinuka. Mume na mke hawakuliona hilo. Walimzoea kama kabati la sebuleni, wakatia albamu kwenye bahasha, wakaituma.

Bogota ilikwenda vizuri kuliko walivyothubutu kuomba. Yurani alikuwa mrefu, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Alimcheka Ermes alipojimwagia supu. Alimfundisha Loredana kusuka nywele, akamwambia mkono wake mzito. Loredana akampenda mpaka akaanza kuogopa.

Siku ya kuulizwa ikafika. Wakili Ospina, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, alimketisha Yurani mbele yake, mkalimani pembeni, akamwuliza kama anakubali kuwa mtoto wa watu hawa. Yurani akafungua albamu yake.

“Nyumba ni nzuri. Na hawa ni watu wazuri,” alisema. “Ila bibi yangu mbona hawakuja naye?”

Bibi mzaa mama ndiye aliyemlea Yurani mpaka siku alipofariki. Pale kwenye makao ya watoto, picha ya Bi Adalgisa kitandani aliibandika ukutani, na kila aliyepita aliambiwa kwamba Yurani amepata bibi mwingine, tena huyu ana fimbo.

Wakili alipekua faili. “Hapa mabibi wote wa mtoto huyu wamekufa, kwa mihuri,” alisema. “Huyu ni nani?”

Uongo ulikuja wenyewe mdomoni mwa Loredana. Angesema ni shangazi, na ungepita. Lakini Yurani alikuwa anamtazama, na mtoto huyo alikuwa amekwisha danganywa vya kutosha.

“Ni jirani,” alisema. “Si ndugu yetu.”

Yurani akaifunga albamu. “Basi sijui,” alisema. Wakili aliweka kalamu chini, akasema wanaweza kuahirisha, na kwamba kwa vyovyote mtu huyo ingebidi achunguzwe.

Ermes akatoa simu na kuomba ruhusa ya kupiga kwa video. Kwao Faenza ilikuwa alasiri. Kwenye kioo likatokea sikio kubwa.

“Semeni upesi, nina sufuria motoni,” sikio likasema. Ermes alimsihi aweke simu mbele ya uso. Sikio likaondoka, likaja jicho moja. Akaelezwa mambo yalivyo, kisha Yurani akasogea.

“Wewe ni bibi yangu, au si bibi yangu?” aliuliza.

Jicho likaondoka, likaenda kuzima moto wa sufuria, likarudi.

“Mwambieni mimi karatasi sina,” Bi Adalgisa alisema, “na kwa umri huu sizitafuti. Nina ufunguo. Na godoro lile nimelijaribu mwenyewe, halina tatizo. Kama ana meno na hasira, aje navyo. Hasira hata mimi ninazo, meno ndiyo sina.”

Mkalimani alipomaliza, Yurani alikuwa anacheka. Akamgeukia wakili. “Nakubali.”

Wakili alikubali pia, kwa sharti: mwenye ufunguo alete cheti cha polisi na cha daktari. Kwa hiyo Bi Adalgisa, asiyetafuta karatasi, akapanga foleni kama wengine. Kwa polisi mashine ilishindwa kusoma alama za vidole vyake, vilivyolainishwa na unga wa miaka mingi. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka ikasoma.

Walipofika nyumbani, Ermes alikuwa bado anapapasa mifuko mlango ulipofunguliwa kwa ndani. Yurani aliinua mkono ili abishe ule mlango ulio wazi. Kule makao kila mlango ulibishwa, na funguo zilining'inia kiunoni mwa mlezi. Bi Adalgisa akaushusha mkono ule, akautilia ufunguo wenye kamba nyekundu.

“Wa kwangu, mlango wa pili. Siku ukipiga hodi nitajua tumekosana.”

Ermes alitafsiri kwa Kihispania chake cha kuokoteza. Yurani aliutazama ufunguo, akageuka, akashuka ngazi bila hata kuvua koti. Wakasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, ukifungwa, ukifunguliwa tena. Loredana alikaa ngazini akalia, na hakujificha.

Kisha Yurani akarudi, akawapita wote watatu, akaingia ndani bila kupiga hodi.