Kiota cha Mwisho Chini ya Gati

Shemeji yangu Delmar ana kichwa kigumu, na nasema hivyo huku nampenda.

Nilimwambia asubuhi ile, kabla hata hajamaliza kahawa: "Shemeji, huyo samaki besi dume wa kwenye gati langu mwache. Jike likishataga linaondoka, yeye ndiye anabaki na mayai." Mwaka juzi ghuba yetu ilikuwa na viota saba. Mwaka huu kimebaki hicho kimoja, na mimi tangu barafu ya ziwa iyeyuke kazi yangu ni kukichungulia tu.

"Arlys, acha presha. Nikimvua si namrudisha majini? Sheria yenyewe inaruhusu."

"Na mayai atayalinda nani? Wewe?"

Akacheka. Nikaingia ndani kuosha vikombe, mara nasikia mtu anapiga kelele za furaha. Nikatoka mbio. Loo! Dume zima la rangi ya shaba linaning'inia mkononi mwake, mdomo wazi.

"Mrudishe!"

"Ngoja picha moja."

Moja gani! Akapiga ya kushoto, akapiga ya kulia, kisha akaanza kutafuta mizani. Chini ya gati samaki wadogo walikuwa wameshavamia kiota, wanadonoa mayai kama kuku waliomwagiwa mchele. Hasira zilinipanda. Nikashika ufagio, nikaruka majini na viatu vyangu vya mpira, baridi ikanifika kiunoni. Nikawa nachapa maji huku na huku, nawatukana samaki, namtukana Delmar, sikubagua.

"Shemeji, utaumia!" Hapo ndipo alipomwachia besi wake, sura imemshuka. "Samahani jamani. Sikujua wanakuja haraka hivyo."

"Nilikwambia!"

Wale wadogo walitimka wote. Nikapanda gatini nimelowa chapachapa, najiona mshindi. Tukakaa kusubiri tope litulie.

Lilipotulia, dume alikuwa amesharudi. Alikuwa anapepea mkia juu ya kiota, taratibu, kama kawaida yake. Ila zile changarawe alizozisafisha, zilizobeba mayai, hazikuonekana tena. Palikuwa na alama mbili za viatu, zimezama kwenye tope, naye anazunguka juu yake, anazilinda.

Delmar alivitazama viatu vyangu. Afadhali angenicheka.