Mkono Uliosubiri Kuhesabiwa

Jumamosi ile mkutano wa kamati ya kijiji uliitishwa saa nne, ukaanza saa sita kasoro. Kezia alikuwa amekuja na ungo wa maharagwe mapajani, kwa sababu alizijua kamati za huku nyuma ya senta ya Masara: mtu anaweza kuchambua maharagwe ya wiki nzima kabla hawajakubaliana nani afungue kwa sala. Siku hiyo waliafikiana mapema. Kila upande ulimtoa mwombaji wake, zikasaliwa sala mbili.

Hoja ilikuwa moja. Mwaka juzi wachimba dhahabu waliondoka wakaacha shimo wazi kando ya njia ya shule, lenye kina kiasi kwamba ukitupa jiwe unaweza kupiga chafya mbili kabla ya kulisikia likitua. Kila asubuhi Lynnet, mjukuu wa Kezia wa darasa la pili, alipita hatua tatu kutoka ukingoni. Je, shimo lifukiwe, au lingojewe? Waliotaka lingojewe walisema huenda chini bado kuna kitu. Walikuwa wakisema hivyo tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeshuka kutazama.

"Wanaosema lifukiwe, mikono juu," alisema mwenyekiti, Mzee Nicanor.

Kezia aliweka ungo chini, akainua mkono wa kulia. Katibu, aliyeitwa Cliff, alihesabu kutoka mbele kwenda nyuma. Alipomfikia Kezia alimruka, lakini kwa adabu, akimpa pole kwa macho. Katika daftari la kamati kila nyumba ina sauti moja, na nyumba ya Kezia imeandikwa kwa jina la mumewe, aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Lifukiwe, kumi na wanne. Lingojewe, kumi na watatu. Hapo mwenyekiti akakumbusha kuwa marehemu hajapiga kura.

"Ndugu yetu alikuwa mtu wa subira," alisema. "Sote tulimjua. Cliff, mwandike kwa wanaongoja."

"Alikuwa mume wangu," Kezia akasema, "na hata chai hakuweza kuingojea ipoe."

Watu walicheka, maana ni kweli, marehemu aliishi na ulimi ulioungua. Cliff aliandika kumi na wanne kwa kumi na wanne, na mkutano ukaahirishwa.

Wengine walikwisha kushusha mikono. Wa Kezia ulibaki juu. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto, ukakataa. Haukuuma wala haukuwa mzito. Ulikuwa tu haujahesabiwa. Caren, jirani yake, alimbebea ungo wakarudi nyumbani.

Kuishi na mkono ulio juu kunawezekana ukiwa na watu wema. Caren alifumua mshono wa bega la kulia kwenye magauni matatu, akatia vifungo, na akakataa hata yai la shukrani. Osman mwenye duka pale senta aliinua turubai lake, akahamisha sufuria zilizoning'inia mlangoni, akasema duka lilikuwa linahitaji hewa. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo penye miti wakimwita bibi kwa Kijaluo, "Dani, matawi!" Mchungaji, kwa Jumapili mbili, alidhani Kezia ana ushuhuda, akampa nafasi. Lynnet alijifunza kumchana nywele bibi yake akiwa juu ya kigoda, na alipotundika sweta la shule kwenye ule mkono, aliambiwa mara moja tu asirudie.

Kila mtu aliijua dawa.

"Si wauhesabu tu?" alisema Osman. "Uhesabiwe, ushuke, mama apike. Hapo ugumu uko wapi?"

Mkutano wa pili hoja ya kwanza ilikuwa mkono.

"Ulikuwa juu tulipouliza lifukiwe," alisema Mzee Nicanor, "na ulikuwa juu tulipouliza lingojewe. Sasa, mama, wewe uko upande gani?"

"Ulibaki juu kwa sababu hamkuuhesabu."

"Hilo nalo tutalijadili."

Iliundwa kamati ndogo ya watu watano kuuchunguza. Kwa wiki tatu walikuja nyumbani kwa Kezia kila Alhamisi, wakanywa chai, wakaketi wakiuelekea. Mmoja wao, ambaye ana moyo mzuri, alimkatia kuni. Ripoti yao ilisomwa katika mkutano wa tatu. Ilisema kwamba mkono uko juu.

Baada ya hapo walizungumza hadi saa tisa, wakafikia uamuzi. Mkono wa Kezia ungehesabiwa, kwa heshima ya umri wake, mradi kwanza ushuke, kisha uinuke kwa wakati wake kama mikono mingine.

"Hauwezi kushuka kabla ya kuhesabiwa," alisema Kezia.

"Na hauwezi kuhesabiwa kabla ya kushuka," alisema mwenyekiti. "Tufuate utaratibu, mama."

Wakamwomba akae nyuma, kwa kuwa alikuwa anawaziba watu. Cliff mwenyewe alimpelekea kiti, akainama sikioni mwake.

"Dani, mimi ningeuhesabu. Lakini nikianza na wako, hapa ndani kuna wamama arobaini."

"Si uhesabu arobaini? Kwani shule ulienda kufanya nini?"

Cliff alicheka kidogo, akarudi mezani kwake. Kezia aliendelea na maharagwe kwa mkono mmoja, akiyatupa mawe chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mvua zilipokolea, ukingo wa shimo ukaanza kumeguka. Jumatano moja Lynnet alirudi akiwa na kiatu kimoja.

"Kingine kiko wapi?"

"Kimeingia kwa shimo, Dani. Udongo ulitoka hapo chini nikaruka."

Kezia hakumgombeza. Alimvuta kifuani kwa mkono wa kushoto, akamshikilia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Kisha akamwosha miguu yote miwili, taratibu, kidole kwa kidole.

Asubuhi iliyofuata alibeba kigoda chake akaenda kukaa kando ya shimo. Nyasi zilikuwa zimekua kumpita mtoto, lakini mkono ulionekana juu yazo tangu kwenye kona ya kanisa. Watoto waliuona wakazunguka mbali. Alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, asubuhi na jioni. Caren alimletea chai kwenye chupa. Osman alimletea mwavuli, akamtia mkononi ukiwa umefunguka, na wote wawili walikubali kwamba pale ulikaa vizuri.

Mwezi mzima hakuna aliyetumbukia. Kamati ilikuja kujionea, watu wote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufika wakiwa kamili. Walimwamkia Kezia kwa mkono wake wa kushoto, wakiomba radhi. Mzee Nicanor alikuwa amembebea kiti cha mbao chenye mgongo, kutoka nyumbani kwake mwenyewe, kilomita mbili kichwani.

"Mnanipa kiti," alisema Kezia. "Mimi nimeomba udongo."

"Kiti ndicho kilichopatikana, mama."

Cliff alifungua daftari palepale, akasoma kwa sauti alichokiandika: Shimo limewekewa alama. Hoja imefungwa. Wakapiga makofi. Kezia alikalia kile kiti kwa sababu magoti yalimuuma, na kwa kweli kilikuwa kiti kizuri.

Mwezi wa sita ardhi ilititia mahali pengine, nyuma ya bomba ambako wanawake huteka maji. Shimo lile lilikuwa jipya na jembamba, na lilimeza ndoo mbili siku ya kwanza. Safari hii hakuna aliyebishana kuhusu kufukia wala kungojea. Cliff alikuja moja kwa moja alipokaa Kezia. Alivua kofia, akachuchumaa, akafungua ukurasa safi.

"Dani, naomba kuuliza. Kuna mama mwingine hapa aliye na hoja, mkono wake tuuweke pale bombani?"

Caren alikuwa anamimina chai. Aliimalizia hadi kikombe kikajaa, akampa Kezia, kisha akaitazama mikono yake miwili, mmoja baada ya mwingine.

"Andika wangu wa kushoto," alisema Caren. "Wa kulia bado nina kazi nao."