Arobaini, na Hakuna Aliyeanguka

Kila siku saa tisa alasiri wachumaji wa pareto wa shamba la Karuba, katika milima ya Masisi, walipanga mstari mbele ya mizani. Kwanza kilipimwa kikapu cha maua. Kisha, tangu mwezi wa pili wa mwaka 1952, alipimwa mchumaji mwenyewe. Karani Damascène aliandika kikapu upande wa kushoto wa daftari na mtu upande wa kulia. Agathe, aliyechuma pareto miaka tisa na kuzaa watoto wanne ndani ya miaka hiyo, aliona kwamba upande wa kushoto ulipanda na wa kulia ulishuka. Hakuna aliyemwuliza.

Aliyetaka kujua uzito wa watu alikuwa daktari mmoja Mzungu, mgeni wa mwenye shamba. Alikuwa daktari kwa sababu alivaa koti jeupe na alikuja na masanduku. Watu walimwita Bwana Hewa, kwani sanduku moja lilikuwa na mashine ya kutengeneza hewa, kitu ambacho milima ya Masisi haikuwa imepungukiwa nacho. Masanduku mengine yalijaa vidonge vya manjano vya kupunguza unene. Ulaya, alieleza, vita vimekwisha, siagi imerudi, na mabibi wenye heshima zao wamenenepa. Vidonge viko tayari kuwasaidia. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba havidhuru, na bibi mwenye heshima zake hawezi kumeza kitu kisicho na ushahidi. Ndipo akawakumbuka wachumaji. Wazo lilikuwa na akili yake: dawa ya kumaliza mafuta, ukiwapa watu wasio na mafuta, itawadhuru wapi?

Wakaandikwa watu arobaini. Dancille, binti wa kwanza wa Agathe, alikuwa wa kumi na saba.

Kidonge kiliingia mwilini, kikatafuta mafuta, hakikuyakuta. Na kwa kuwa kilikuwa kimetumwa kazi, kikachukua uzito wenyewe. Baada ya wiki tatu Nzabonimpa, mwanamume mwenye mabega kama mlango, alisimama kwenye mwito wa asubuhi akiwa shubiri moja juu ya ardhi. Kapita Sebarenzi, msimamizi wa wachumaji, alitazama miguu yake, kisha akatazama kanuni. Kanuni ilisema mfanyakazi awe mstarini. Haikusema awe chini. Nzabonimpa akaandikwa kuwa amefika.

Kufikia mwezi wa nne watu kumi na wawili walikuwa wanaelea, na kapita aliridhika, maana hawakukanyaga miche. Siku za upepo walifungwa jiwe kiunoni. Aliyesahau jiwe, mkewe alimwangua jioni kutoka kwenye miti ya zizi, jinsi mtu anavyoanua nguo. Nestor, ambaye hakuwa na mke, alipeperushwa mpaka ng'ambo ya bonde. Aliporudi alifungiwa stoo siku nzima kwa kusafiri bila karatasi ya njia.

Dancille alianza kuelea Jumatano, akiwa anamenya viazi. Agathe alimshika kisigino, akamketisha, akamwekea mtungi mapajani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu jana kidogo, Mama. Nilifikiri itapita."

"Kitu ya Muzungu haipite yenyewe."

Jambo lenyewe lilikuwa baya kwa sababu Dancille alikuwa ameposwa. Mchumba wake, Benoît, alitoka Walikale, kwa watu wa msituni, nao walikuwa wamekubali desturi ya ukoo wa Agathe: bibi harusi hubebwa kwa ngobyi, machela ya kusukwa, na wanaume wanne wa upande wa mume, kutoka mlangoni kwa mama yake mpaka barabarani. Nyuma hufuata shangazi wa mume, kazi yake kusikiliza. Wabebaji wakiguna njia nzima, mwari amelishwa, amenyweshwa maziwa, anatoka kwa watu. Wakipanda kilima kimya, anarudishwa kwa mama yake akanywe maziwa msimu mwingine, na mara nyingi mume hangoji msimu mwingine.

Agathe alikwenda kwa karani.

"Futa jina ya mutoto wangu."

"Jina halifutwe ovyo, Mama. Linafutwa kama muntu amekufa, ao ameolewa mbali."

"Walikale iko mbali?"

Damascène akafikiri. "Walikale iko mbali sana."

"Basi Jumamosi ya posho anaolewa Walikale."

"Na wakimurudisha?"

"Utakuwa ungali na kalamu."

Alimpeleka pia Dancille kwa Bwana Hewa, kwa sababu mama hujaribu kila mlango, hata ule anaojua nyuma yake hakuna mtu. Alimwambia kwamba binti yake hana tena uzito. Karani akatafsiri. Daktari akafurahi, akampongeza Dancille kwa kumshika mkono, ambao alilazimika kuuvuta chini kwanza. Kuelea, alisema, ni damu tu iliyolegea. Hewa ya ozoni itaikaza. Ozoni hutibu malaria, ngiri, utasa, uzee na mawazo.

Mashine iliwekwa kwenye banda la kukaushia maua. Mota iliunguruma, vioo vikawaka rangi ya samawati, harufu ikatoka. Kila mtu wa milima ile aliijua. Ni harufu inayobaki migombani radi ikishapiga. Na Mfalme wa Juu, mwenye radi hiyo, ambaye mwenye busara hamtaji jina akiwa karibu, anapoingia nyumbani kwa mtu, hakimbiwi wala hapigiwi kelele. Watu huinamisha kichwa, hufumba mdomo na kuvuta pumzi kwa wizi, puani, kupitia pindo la nguo, mpaka atakapoondoka mwenyewe. Hivyo ndivyo wagonjwa walivyoketi juu ya benchi. Bwana Hewa aliandika kwamba ozoni inawatuliza.

Ni Annonciata tu, mke wa katekista, aliyevuta hewa kwa kifua kizima kama alivyoagizwa, kwa kuwa yeye imani za kipagani alizikana siku ya ubatizo. Alikohoa damu siku tisa. Daktari aliandika kwamba ugonjwa unatoka. Ni ugonjwa gani, angeujaza baadaye.

Dancille alikaa bandani mara tatu na hakushuka hata kidole. Alipata ile harufu ya radi tu, ikamganda. Ng'ombe wa jirani yao Mukandori, aliyekuwa akitoa maziwa ya mwari, alipiga magoti kila msichana alipopita, na akazuia maziwa siku nne.

"Peleka mutoto wako fasi ingine," alisema Mukandori. "Ng'ombe yangu inasali kuliko mimi."

Siku ya harusi watu wa Walikale walifika asubuhi: baba mkwe Athanase, wabebaji wanne wenye mikono ya wawindaji, na shangazi Joséphine-Marie, mwanamke mnene aliyekuwa amerudisha wari wawili maishani mwake na alijua majina yao. Kabla ya jambo lolote, alipekua ngobyi. Agathe alikuwa amefikiria mawe, na kwa bahati nzuri alikuwa amefikiria pia shangazi.

"Mawe nilikuta mara moja," Joséphine-Marie alisema, akipapasa chini ya mkeka. "Hapa mubaya hakuna."

"Sisi hatuna ile tabia, dada," alisema Agathe.

Dancille alitolewa ndani akiwa amefunikwa, mama yake amemshika upande mmoja na Mukandori upande wa pili. Walimlaza, wakamfunga mikanda ya ngobyi, wakamwachia. Ngobyi ikapanda mpaka usawa wa kifua cha wanaume, ikaendelea. Wabebaji walidaka miti yake. Mmoja wao, Albert, alinyanyuliwa kidogo, akarudi chini, akatema mate mikononi, akashika upya.

"Inavuta hii," akawaambia wenzake. "Mushike chini, si juu."

Wakaanza kupanda kilima. Upepo wa Karuba uliingia chini ya mkeka. Wanaume wanne walining'inia kwenye ile miti wakiwa wameinama, shingo zimevimba, visigino vikichimba udongo, wakaguna. Waliguna kwenye shamba la viazi, waliguna kwenye daraja la magogo, na pale mbele ya banda la pareto, ambapo upepo ni mkali, Albert aliguna mpaka mbwa wakajibu. Agathe alitembea nyuma, macho yake kwenye miguu ya shangazi.

Barabarani lori la chumvi lilikuwa linangoja. Joséphine-Marie alisimama akipumua. Aliitazama ngobyi iliyokuwa ikisukuma kwenda mbinguni, akawatazama wabebaji waliokuwa wakivuja jasho.

"Wameguna?" Athanase alimwuliza.

"Njia yote."

"Basi."

"Huyu mutoto iko muzito," shangazi alisema, na hilo ndilo neno lililorudi na watu nyumbani. Dancille alifungwa kati ya magunia. Alimpungia mama yake kwa mkono uliokuwa huru, lori likaenda.

Jumatatu Damascène alifuta jina la kumi na saba. Kisha alitazama fomu, iliyokuwa imechapwa Ulaya na mistari arobaini, na Bwana Hewa hakupenda mstari mtupu. Ripoti yake ilikuwa karibu kukamilika. Watu arobaini, miezi mitatu, na hakuna aliyeanguka. Masanduku mapya yalikuwa njiani, na mengine yangekwenda Walikale, mahali ambapo, aliambiwa, kuna watu wengi wenye afya.

Karani aliinua macho kwenye mstari wa wachumaji. Wa kwanza alikuwa Agathe, maana alizoea kuwahi.

"Mama, iko nafasi moja."

"Naiona."

Alimeza kidonge, akafunua mdomo kuonyesha ulimi mtupu kama ilivyotakiwa, akapanda juu ya mizani.

"Kilo ngapi?" aliuliza.

"Makumi tano na nane."

"Andika vizuri," Agathe alisema. "Hiyo ni yangu."