Kabati Alivyorefuka

Kabati ni seremala, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu, kwa sababu ukimwona amesimama mlangoni pa karakana yake, unaweza kumsogelea ukamfungua utafute mashati. Mfupi, mpana, pembe zote zimekaa sawa. Mkono wake kwenye mbao sina la kusema, kitanda chake unarithisha wajukuu. Ila urefu wake usiutaje. Kuna fundi rangi mmoja alimwambia, "Simama basi tuongee," na Kabati alikuwa amesimama tayari. Mpaka leo hawasalimiani.

Sasa kitindamimba wangu, katika nyumba zote za dunia hii, akaenda kupenda katika nyumba hiyo. Alimpenda binti wa Kabati, yule tunayemwita Vanishi kwa sababu ndiye anayepaka fanicha za baba yake na kunukia kazi hiyo hadi siku za sikukuu. Binti hakuwa na neno. Tatizo lilikuwa baba.

Mwanangu anatengeneza video. Sebule yangu ameifanya ofisi: meza, kompyuta, taa yenye mwavuli, nyaya zimetambaa kila mahali kama zinatafuta mtu. Mimi nimebakiziwa kiti kimoja karibu na feni, na hapo ndipo ninaposikia kila kitu.

Alipopeleka habari za uchumba, Kabati alimsikiliza huku akipiga randa, hakusimamisha mkono.

"Na kazi yako ni nini hasa?"

"Video, mzee."

"Video si kazi. Video ni kuangalia wenzako wakifanya kazi." Akapuliza vumbi la mbao. "Haya. Nitengenezee tangazo la karakana yangu. Likinipendeza, wazee wako waje tuzungumze. Lisiponipendeza, hapa usikanyage tena hata ukitaka kigoda."

Kijana akaenda, akapiga picha siku nzima. Kabati anakata, Kabati anapima, Kabati amesimama katikati ya makabati wenzake. Akaja nyumbani akakata na kuunga, akatia muziki, ikapendeza kabisa. Kwenye kompyuta ilikuwa imelala vizuri, pana, kama televisheni. Lakini watu siku hizi wanaangalia kila kitu kwenye simu, na simu husimama. Kwa hiyo wakati wa kuitoa video kwenye kompyuta akachagua kipimo cha kusimama. Kuna kialama kidogo hapo cha kuiambia mashine ilinde umbo la picha. Hicho akakisahau.

Watu wenye akili huangalia video kabla ya kuituma. Mwanangu ana mtindo wake. Akishabonyeza, ule mstari ukianza kutambaa, yeye anakwenda kula. Akirudi, mstari umefika, anatuma. Alimtumia Kabati, akaiweka na kwenye ukurasa aliofungulia karakana mtandaoni, halafu ndipo akaketi kuitazama kwa raha zake.

Nikasikia muziki umekatwa katikati. Nikageuza shingo.

"Mama," akasema, "nimekwisha."

Nikavaa miwani. Ile picha pana ilikuwa imebanwa ubavuni ikaingizwa kwenye fremu nyembamba, kama mtu mnene aliyelazimishwa suruali ya mwanawe. Kila kitu kimekwenda juu. Viti vina miguu ya korongo. Kitanda kimekuwa kifupi kwa mapana na kirefu kwenda mbinguni. Na katikati yao, mwembamba, shingo ndefu, kama nguzo ya umeme iliyofunga aproni, amesimama Kabati.

"Kijana mzuri," nikasema. "Ni nani?"

"Mama, usinitanie. Nimemvuta baba mkwe."

Akaanza kuirekebisha haraka haraka, lakini kabla hajamaliza mlango ukagongwa. Alikuwa Kabati mwenyewe. Akasimama kizingitini, akautazama mlango wangu juu hadi chini, kisha akainama ili asijigonge kichwa. Mlango wangu hata mwanangu hupita na mzigo kichwani. Kabati aliinama, akaingia, akanyooka polepole kama mtu aliyezoea usumbufu huo.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Pole na dari."

"Nimezoea," akasema.

Akamgeukia mwanangu, ambaye alikuwa amefungua mdomo aungame. "Kijana, nyamaza kwanza. Miaka yote nimepigwa picha na watu wasiojua kazi. Kwenye kitambulisho wamenikosea. Kwenye harusi yangu wamenikosea. Wewe ndiye wa kwanza kunipata nilivyo." Akamshika mkono, na macho, niseme ukweli, yalikuwa na maji. "Waambie wazee wako wajiandae."

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Mwanangu akasema asante.

Shida ilianza wateja walipokuja. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alifika karakana na simu mkononi: anataka kabati kama lile la kwenye video, jembamba, refu, maana chumba chake kimebana. Hapo Kabati angeweza kusema picha imekosea. Lakini picha ikiwa imekosea kuhusu kabati, imekosea na kuhusu Kabati. Alifikiri kidogo, akachukua futi, akaipima ile simu. Kisha akaenda kukata mbao.

Likatoka kabati unaloweza kutundika shati moja, juu yake shati jingine, na juu yake jingine, kama bendera. Yule mama alilipenda. Akaja mwenye hoteli akataka viti kama vya kwenye video. Vikatoka viti virefu, vyembamba, kila kimoja kinatosha tako moja, na wageni wake wakawa wanakula kwa zamu za matako. Akaja mwalimu mstaafu kutaka meza. Nasikia ameiweka mpaka sasa, ila anaandika akiwa amesimama kwenye ndoo.

Vanishi akatujia mbio mbio, mikono imejaa rangi.

"Mama, mzuie huyu mwanao."

"Nimzuie asifanye nini? Yeye ameketi tu. Anayetengeneza ni baba yako."

"Baba amenunua suruali mpya," akasema. "Ndefu. Anazikunja chini, anasema kitambaa cha siku hizi kinajikunja chenyewe."

Mwanangu akaona aibu. Hakuwa na usingizi wala hamu ya chakula, na kwake hiyo ya pili ni dalili mbaya. Akatengeneza video upya, picha ikiwa na umbo lake halisi, pana, imekaa katikati ya fremu ya kusimama, na nafasi iliyobaki juu na chini ni nyeusi. Akampelekea Kabati, akimwambia ni toleo jipya.

Kabati akaitazama kwa muda mrefu. "Umenizika," akasema. "Udongo juu, udongo chini, mimi katikati nimelazwa. Hata uso wangu haujulikani ni wa marehemu gani."

Mwanangu akarudi, akatengeneza nyingine. Hii aliijaza fremu yote, lakini ili ijae ikabidi akate pande mbili za picha. Na mtu mpana ukimkata pande mbili, hesabu mwenyewe. Kabati alijikuta hana mabega.

"Hii ni ajali," akasema Kabati. "Rudisha ile ya kweli."

Ile ya uongo ikarudi, na siku ya wazee kukutana ikafika.

Tulikwenda mimi, kaka yangu asiyesikia vizuri, na mwanangu ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa. Tulipokewa karakana, kwa kuwa sebuleni kwake fanicha mpya zilikuwa zimegusa dari na hakuna aliyeweza kuketi bila ngazi. Nikapewa kiti cha tako moja. Nikachagua la kulia.

Salamu zikaisha, soda zikanywewa. Kabati akasimama, akavuta turubai lililofunika kitu ukutani.

"Zawadi yangu kwa maharusi," akasema.

Kilikuwa kitanda. Kimechongwa maua kichwani, vanishi inang'aa ukajiona. Kilifika juu ya kichwa changu, na kilikuwa na ngazi yake. Urefu wa kulala ungemtosha mtoto wa kunyonya, au mtu mzima aliyekatwa magotini.

Kaka yangu akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Hiki ni cha kuku?"

"Ni kile cha kwenye video," akasema Kabati, akimtazama mwanangu. "Nimekipima kwenye picha yako, sikupunguza wala kuongeza. Kama video yako ni ya kweli, mtalala hapa, wewe na binti yangu, maisha yenu yote. Kama si ya kweli, niambie sasa hivi mbele ya mama yako."

Nikaelewa kwamba mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa anajua. Labda hakujua siku ya kwanza, lakini mtu aliyepima mbao maisha yake yote hawezi kukunja suruali kila asubuhi asijue. Alichotaka kujua ni atamtoa binti yake kwa mtu wa namna gani.

Vanishi alikitazama kitanda, akamtazama mchumba wake, akapima kwa macho miguu yake ilipoishia.

"Si ya kweli, mzee," akasema mwanangu. "Nilisahau alama moja wakati wa kuitoa. Picha ikavutwa. Wewe huko hivyo."

"Nikoje?"

"Uko kama ulivyo."

"Sema."

"Mfupi, mzee."

Kabati aliitazama ile ngazi ndogo ya kitanda, akapitisha kidole kwenye kipandio chake cha kwanza.

"Nilijipenda pale," akasema taratibu. "Ndiyo shida. Basi. Kazi ya uongo siwezi kuozea binti."

"Nipe nafasi moja ya mwisho," mwanangu akasema. "Hapa hapa. Bila kuvuta kitu."

Hakungoja jibu. Akatoa simu, akaishika ikiwa imesimama, akalala kifudifudi kwenye vumbi la mbao, shati jeupe na yote. Akasogea kwa tumbo mpaka karibu na viatu vya Kabati, akaielekeza simu juu.

"Shika nyundo, mzee. Tazama mbali."

Kabati akatazama mbali.

Kijana akiwa bado chini, akanyoosha mkono akampa simu. Tukasogea sote. Nakwambia, yule mtu alikuwa mlima. Mabega yote yapo, uso ni wake, paa la karakana liko nyuma yake kama kofia. Pembeni mwa picha palikuwa na kigoda, naye Kabati akakipima kwenye simu kwa futi, upana na kimo, kisha akaenda kukipima kigoda chenyewe. Akafikiri.

"Hujavuta?"

"Sijavuta. Nimelala tu."

"Kwa hiyo mtu akiniangalia kutoka hapo ulipo, niko hivi."

"Uko hivyo hivyo, mzee."

Vanishi akaficha mdomo kwa mkono wenye rangi. Kabati akakohoa, akaweka futi mfukoni, akamwambia binti yake alete msumeno wa miguu ya kitanda na mbao mbili ndefu za ubavuni.

"Nimekubali," akasema.

Mwanangu akaanza kujiinua ashukuru. Yeye ni mrefu, amefuata upande wa baba yake, na alipofika magotini nikaona uso wa Kabati unaanza kubadilika.

"Wewe, rudi chini," nikamwambia.

Akarudi. Na tukapanga harusi yote hivyo, Kabati amesimama, mimi nimebadilisha tako, na bwana harusi anajibu "ndiyo, baba" kutoka sakafuni.