Taa Sita Ndani ya Pango

Ofisini walimwita Mama Pango, na jina hilo lilimletea usumbufu. Waliopiga simu na kumsikia akiitwa hivyo walidhani ndiye mwenye nyumba, wakaanza kujitetea kuhusu kodi kabla hata hajawasalimia. Ukweli ni kwamba hakuwa na nyumba ya kupangisha. Alikuwa msanifu wa michezo ya kompyuta, na pango lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, jiwe moja baada ya jingine, kwenye kompyuta iliyokaa karibu na dirisha, ghorofani juu ya duka la mapazia.

Pango hilo lilikuwa hatua ya mwisho ya mchezo wao, na hakuna hatua iliyolifikia kwa ugumu. Wachezaji sita waliingia gizani, kila mmoja kutoka nyumbani kwake, kila mmoja na taa yake. Ugumu ulikuwa kwamba mwanga wa taa yako uliwafaa wenzako tu. Wewe mwenyewe hukuuona. Hata ungeiinua juu ya kichwa, mbele yako palibaki peusi tii, mpaka mwingine akusogelee na kukumulikia pa kukanyaga. Mafuta ya taa yalikuwa machache, mashimo yalikuwa mengi.

Kuingia humo ilibidi uje na watu wako watano, uwaalike mwenyewe. Aliyekuja peke yake alikuta mlango umefungwa. Mama Pango aliutaka uwe hivyo. Pango alilibuni akiwakumbuka rafiki zake wa ujanani, ambao alicheza nao miaka mingi mpaka wakawa wanajuana kwa namna mtu anavyovuta pumzi kwenye hedifoni. Mmoja wao alikuwa kaka yake wa kuzaliwa.

Kundi hilo lilishasambaratika. Mmoja alipata mapacha, mwingine alihama, wengine walichoka tu. Kaka yake alikuwa mwoka mikate, kazi inayomwamsha watu wote wakiwa wamelala na kumlaza wenzake wakiwa ndio wanachangamka.

"Mdogo wangu," alimwambia siku moja kwenye simu, "umeoka, watu wanakula, mimi nduguyo sijaonja hata ukoko."

"Tafuta watu watano, Kaka, uingie."

"Niwatoe wapi? Nikiwa macho mimi, wao wanakoroma. Au niende dukani niseme nipimie marafiki kilo mbili?"

"Subiri likizo basi."

"Likizo," alisema kaka yake, akacheka, lakini kicheko kilikatika mapema.

Si yeye peke yake aliyelalamika. Bosi wao, mwanamke mpole aliyekuwa na tabia ya kupanga kalamu mezani kabla ya kusema neno zito, aliwaita wote na kuwaambia kwamba wachezaji walio wengi walifika kwenye mlango wa pango wakaishia hapo. Hawakushindwa na mchezo. Walikosa watu wa kuingia nao.

Mwenye jibu alikuwa Mzee wa Nyaya, mtaalamu wa mitambo, ambaye hakuwa mzee sana ila nyaya alikuwa nazo kila mahali, hata mfukoni. "Tuweke kitufe," alisema. "Kiandikwe Nitafutie Wenzangu. Mtu akibonyeza, kompyuta inamwokotea watano wengine waliobonyeza muda huohuo, wanaingia."

"Umesema vizuri, kuokota," alijibu Mama Pango. "Pango halitaki watu wa kuokotana. Mmoja akikosea kidogo, anatukanwa, wanaondoka."

"Kwani hao wenye makundi yao hawatukanani?"

"Wanatukanana. Halafu wanarudi."

Watu walicheka, na hata Mzee wa Nyaya alikubali kwamba jibu lilikuwa zuri. Bosi alipanga kalamu zake, akasema wafanye jaribio la mchana mmoja, waone kwa macho, ndipo waamue.

Siku ya jaribio ilikuwa na jua kali. Cherehani za duka la mapazia zilisikika kutoka chini kana kwamba zinakimbizana. Kwa kuwa wachezaji wangetoka nchi mbalimbali zenye lugha tofauti, na kwa kuwa aliogopa matusi, Mzee wa Nyaya alizima sauti na maandishi yote. Wachezaji wangeonana tu.

"Sasa umewamaliza kabisa," Mama Pango alimwambia.

Na ilionekana hivyo. Kundi la kwanza lilivunjika kwenye shimo la kwanza. Katika kundi lililofuata kuna aliyekimbia mbele na taa yake, akawaacha wenzake gizani wakigongana na kuta. Kundi jingine lilisimama tu mlangoni, kila mmoja akingoja mwingine aanze, mpaka wakajiondokea. Mama Pango hakufurahi, ila alikaa kama mtu aliyekwisha onya.

Alasiri wakapatikana watano, nafasi moja ikakosa mtu. "Ingia wewe," alisema Mzee wa Nyaya, "wasije wakachoka kusubiri. Ila usiwaongoze."

"Siwaongozi."

Alivuta kiti, akachukua pedi ya kuchezea, akaingia kwa jina la kubuni, katika joho la kijivu. Wenzake walikuwa na majoho ya rangi zao: mwekundu, wa njano, wa kijani, wa bluu, na mmoja wa zambarau ambaye intaneti yake ilikuwa mbovu. Huyo alitembea kidogo, akaganda kama nguzo, kisha akaruka ghafla kufika alipopaswa kuwa.

Mwekundu alitumbukia kwenye shimo la kwanza papo hapo. Akarudishwa, akatumbukia tena. Mama Pango alingoja kuona nani ataondoka wa kwanza. Hakuondoka mtu. Wa njano alisogea mpaka ukingoni mwa shimo, akainama, akaishusha taa yake karibu na ardhi na kubaki hivyohivyo. Mwekundu akaona. Akavuka, na alipofika ng'ambo akageuka, akaichovya taa yake chini mara moja, kama mtu anayeinamisha kichwa.

Tangu hapo kuchovya taa kukawa lugha yao. Kuchovya mara moja ilikuwa shukrani, mara mbili ilikuwa ngoja. Hakuna aliyewafundisha. Mama Pango alijikuta naye anachovya.

Walifika ukumbi mkubwa, katikati ya pango. Kila kundi lililowahi kupita hapo lilipita kwa njia moja: watu walijigawa, kila mmoja akasimama kwenye kona yake na kumulika kwa mbali, wakaongozana kwa sauti mpaka mlangoni. Njia hiyo aliibuni yeye, na waliofaulu walifundishana. Hawa hawakuijua. Walijikokota pamoja kando ya ukuta, na mlango ulikuwa karibu kabisa, yeye akijua, wao hawajui. Wakati huo ndipo wa zambarau alipoganda katikati ya ukumbi, nyuma yao, na safari hii hakuruka tena.

Sheria ya pango iliruhusu hata watano kupita, mmoja akibaki nyuma. Mafuta yalikuwa yanaisha. Mama Pango alishika pedi yake kwa nguvu ili vidole visimponyoke akawaonyesha njia. Mwekundu alisimama. Akageuka, akaanza kurudi. Wa njano akamfuata, kisha wa kijani na wa bluu, na yeye wa mwisho. Walipomfikia yule aliyeganda walimzunguka, wakasogeleana bega kwa bega ili akizinduka asijikute gizani.

Taa sita zikawa mahali pamoja, na mwanga ukajumlika.

Mwanzoni alidhani kompyuta imeharibika, maana weusi ulianza kurudi nyuma. Kuta zilijitokeza, kisha nguzo nyuma ya nguzo, zenye mishipa ya chumvi iliyometa mpaka mbali asikoweza kukadiria. Mwanga ukapanda. Juu kabisa, kitu ambacho siku zote kilikuwa giza tu kilifunguka kikawa ndege. Bawa lake moja ndilo lililokuwa dari ya ukumbi wote, manyoya yake yakiwa marefu kuliko nguzo, na kichwa chake kimelazwa juu ya mwamba, jicho limefumbwa. Walikuwa wadogo chini yake kama punje.

Dege hilo alilichora yeye. Miaka ya nyuma alilichora unyoya mmoja mmoja, pua ikiwa karibu igusane na skrini, akafunika kazi ile kwa giza na kuendelea na mambo mengine. Lakini hakuwahi kulitazama lote kwa pamoja, wala kulitazama kutoka chini, mahali anaposimama mtu. Alikuwa analijua kama mtu anavyoujua mgongo wake mwenyewe.

Pedi ilimlalia mapajani. Mzee wa Nyaya alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti, waya mkononi.

"Hiki ulikiweka lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kilikuwepo. Na huu mwanga, wewe uliuweka lini?"

"Mimi nilijumlisha tu. Taa mbili zizidi moja, tatu zizidi mbili. Kikomo sikuweka. Sikufikiria kuna mtu atazirundika zote."

Ndani ya pango, vichwa vya wageni vilikuwa vimeinuliwa juu. Wa bluu akakaa chini. Mchezo ulikuwa na kitufe cha kukaa, kimetengenezwa kwa ajili ya vijiji na viwanja vya amani. Hakuna aliyewahi kukitumia ndani ya pango. Wa kijani naye akakaa, na wengine. Mafuta yalikuwa yanateketea na hakuna aliyejali. Ofisini watu waliacha kazi, mmoja baada ya mwingine, wakasogea nyuma ya Mzee wa Nyaya. Bosi alikuja na kikombe chake na hakunywa.

Kisha wa zambarau akashtuka, akawa hai. Alijikuta amezungukwa na watu asiowajua, chini ya bawa lile. Aligeuka polepole akitazama juu, akamaliza mzunguko mzima. Halafu akamwendea kila mmoja na kuichovya taa yake mbele yake. Alipofika kwa joho la kijivu, Mama Pango naye akaichovya yake.

Mafuta yakaisha. Giza likawameza, na maandishi yakatokea: Mmeshindwa. Kundi lilirudishwa nje, mahali ambapo mchezo huuliza kama mtu anataka kuondoka au kuanza upya. Majina yaliwaka, moja baada ya jingine, mpaka yakawa matano, wote wakianza upya. Wa sita alikuwa yeye. Akabonyeza.

Walilivuka pango jioni ile, jua likiwa halijatua, wakiwa wameng'ang'aniana mwanzo mpaka mwisho, kwa njia ambayo hakuipanga. Kisha wakaagana kwa kuchovya taa, wakapotea. Hakujua hata mmoja wao alikuwa nani.

Kwenye kikao hakusema mengi. "Niliyoyasema bado ni kweli," aliwaambia. "Wengi watagombana na kuondoka. Ila sikujua na haya yapo. Kitufe kiwekwe. Wenye makundi yao wabaki na mlango wao, na asiye na mtu apate wake."

Mambo yalikwenda kama alivyosema. Baadhi ya wachezaji wakongwe walikasirika kwamba pango limefanywa stendi, kila mtu anaingia, na wachache walihama mchezo moja kwa moja. Makundi ya kuokotwa yaliendelea kuvunjika kwenye shimo la kwanza. Mengine hayakuvunjika.

Siku ya mapumziko alikwenda kwa kaka yake bila kutoa taarifa. Alimkuta sebuleni, unga bado uko kwenye viwiko, pedi mkononi. Wifi yake alikuwa anakunja nguo juu ya kochi. Mama Pango aliketi pembeni.

"Kaka, hapo usipite—"

"Nyamaza. Watu wako wawili wameshanikimbia asubuhi, usiniharibie na hawa."

Akabaki kutazama. Hawa hawakurundikana. Walijipanga mstari, kila mmoja akimmulikia aliye mbele, na wa mbele alipofika kwenye kizuizi alirudi mkiani ili mwingine aongoze. Mama Pango hakuwahi kuona jambo hilo likifanywa, na hakujua kama lingewezekana. Walipita ukumbi bila kulijua lile bawa lililokuwa juu yao. Mlango wa mwisho ukafunguka wakatoka nje, kwenye alfajiri ya humo mchezoni, penye anga pana alilolichora kwa ajili ya rafiki zake.

Kaka yake aliiweka pedi gotini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kwenye skrini wale watu sita walikuwa wamesimama wakitazama upande mmoja, na hakuna aliyeondoka.

Wifi aliacha kukunja nguo. "Nani hao?" aliuliza.

"Siwajui," alisema kaka yake, bila kuondoa macho.

Mama Pango alisogeza nguo zilizokunjwa, akampisha wifi yake aketi.