Pete za Farasi za Mtaa wa Labban

Pete ya kwanza ilipotoweka, Fikri Abu Senna alidhani ni macho yake yaliyochakaa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ameinama kufungua kufuli la duka lake la betri, na kama kawaida akapeleka mkono wa kushoto ukutani ajishikize kwenye pete ya chuma, maana mgongo wake siku hizi ulikuwa haumsaidii kuinuka. Mkono ukaangukia shimo.

Pete zilikuwa nne, zimepigiliwa ukutani juu ya hodhi refu la jiwe. Babu yake ndiye aliyeziweka, enzi zile alipokuwa na magari ya farasi ya kukodisha, akichukua abiria bandarini na kuwatawanya Iskandaria nzima. Farasi walifungwa pale, wakanywa pale, na ukingo wa hodhi ulikuwa umelika kwa shingo zao hata ukawa laini kama sabuni. Chumba walicholala ndicho duka la Fikri. Juu yake kulikuwa na orofa tatu za familia, na kati ya familia yote waliobaki walikuwa wawili tu: Fikri, aliyekaa orofa ya kwanza, na dada yake mkubwa Ratiba, aliyekaa orofa ya juu kabisa.

Alisimama akilitazama lile shimo, na jina lililomjia kichwani lilikuwa la Mahitab.

Mahitab alikuwa binti mhandisi wa kamati moja inayozunguka mjini kutafuta vitu vya kale vya barabarani kabla havijabomolewa. Alikuwa amekuja wiki ileile. Alipiga picha, akapima hodhi kwa futi, akapapasa kila pete kwa vidole kama mtu anayempapasa mtoto homa. Alimweleza Fikri kwamba mahodhi ya namna ile yalikuwa mengi mjini, na sasa mengine yamekuwa majalala na mengine yamepandwa maua, na kwamba angependa hili lisajiliwe pamoja na pete zake, libaki palepale lilipo. Fikri alimpa chai ya nanaa na maneno matamu. Sasa aliyakumbuka yale mapapaso akayaona kwa jicho jingine. Mtu hakishiki kitu kwa upole vile ila anakitaka. Na alikwisha kusikia kahawani kwamba matajiri wenye majumba ya pwani ya kaskazini hununua vyuma vya kale wavitundike kwenye malango yao.

Mahitab aliporudi na kuliona shimo hakushtuka, na hilo nalo Fikri akaliweka moyoni. Bahati mbaya siku hiyo dukani alikuwamo mkandarasi mmoja, ameketi juu ya betri ya lori, anakunywa chai. Mkandarasi huyo kwa miezi kadhaa alikuwa akija kumshawishi Fikri na dada yake wamwachie nyumba aibomoe, ajenge ghorofa refu, na kila mmoja wao apewe makao mapya humo. Fikri alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

Mahitab alimtazama mkandarasi, akalitazama shimo, kisha akamtazama Fikri.

"Haji," alisema, "hii imeng'olewa kwa tindo, taratibu. Mwizi huwa na haraka. Huyu hakuwa na haraka."

"Unakusudia kusema nini, binti yangu?"

"Sikusudii kitu. Nimeona wenye nyumba wakivunja roshani zao kwa mikono yao, kamati ikija isikute cha kulinda. Nimeona mmoja akimwagia tindikali mlango wa nakshi."

Macho yake yalitua kwenye madumu ya tindikali ya betri yaliyopangwa nyuma ya meza. Fikri alihisi masikio yanawaka. Alimwambia kwamba chai ipo akitaka, na asipotaka njia anaijua. Hakunywa.

Haikupita wiki, pete ya pili nayo ikaenda.

Tangu hapo Fikri hakuwa na raha. Mteja akiegemea ukuta kuvuta sigara, alimwuliza anaegemea nini. Muuza chuma chakavu akipita na punda wake, alitoka nje kukagua mkokoteni. Kahawani walianza kumtania; wakimwona tu waliinua mikono juu, wamwonyeshe kwamba haina kitu. Alimwendea Shehata, mpiga pasi, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni mwa nyumba hiyohiyo, akamwuliza kama ameona mtu. Shehata alinyunyizia maji shati aliloliweka mbele yake, akasema hakuona kitu, Fundi Fikri, kila siku yupo pale na hakuona kitu, isipokuwa Ijumaa wakati wa swala, ambapo yeye kama wanaume wengine wa mtaani huwa msikitini.

Ijumaa. Fikri aliondoka na neno hilo. Pete zote mbili aliziona hazipo Jumamosi asubuhi, na Ijumaa duka hufungwa. Kwa hiyo mwizi alijua saa ambayo mtaa hauna mtu. Kamati ya Mahitab nayo Ijumaa ilikuwa mapumzikoni. Hesabu ikamkalia vizuri, ikamkalia vizuri mno.

Alimweleza Ratiba hayo yote mezani. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda kwake kula, kwa sababu Ratiba hakuwa akishuka. Magoti yake yalikufa ganzi na kuuma kwa zamu, na ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba na zimelika katikati. Mkate, magazeti na dawa alivipandisha kwa kikapu cha kamba kutoka dirishani, kama wanawake wengi wa mtaa ule, ila wenzake walifanya hivyo kwa uvivu. Ratiba alimsikiliza huku akikoroga sufuria ya molokhia, mboga ya mlenda.

"Ni huyo binti wa kamati," alisema. "Kabla hajaja, tulipotelewa na nini?"

Fikri alifurahi kusikia kwamba hakuwa peke yake kwenye mashaka yake.

Ijumaa iliyofuata alivaa kanzu, akachukua msala, akamsalimu Shehata kwa sauti ya kusikika hadi orofa za juu, akaelekea msikitini. Alipofika kona alipita uchochoro wa nyuma, akazunguka, akaingia kwenye mlango wa nyumba inayotazamana na yake, akasimama gizani chini ya ngazi. Kwenye kipaza sauti alimsikia imamu akisafisha koo. Aliona haya. Hakuwahi kukosa swala ya Ijumaa kwa ajili ya kipande cha chuma, tena chuma ambacho kwa miaka yote alikuwa akikitumia kujiinulia tu, bila kukifikiria.

Mtaa ukanyamaza. Hakuja gari, hakuja binti wa kamati, hakuja muuza chuma chakavu. Aliyetokea ni Shehata. Alitoka nyuma ya meza yake ya pasi, akaangalia huku na huku, kisha akainua uso juu.

Kikapu kikaanza kushuka.

Kilishuka polepole, kimefunikwa taulo, kikanasa kidogo kwenye kamba ya zamani ya kuanikia nguo ya orofa ya kati, kikanasuka, kikafika. Shehata alifunua taulo akatoa nyundo na tindo. Alikiviringishia kichwa cha tindo kitambaa mlio usisikike, akaanza kugonga pale chokaa ilipokutana na chuma. Alifanya kazi safi, bila papara. Pete ilipotoka aliiweka kikapuni pamoja na vyombo, akafunika, akaivuta kamba. Kikapu kikapanda. Fikri alitoa kichwa mlangoni akafuata kamba ile kwa macho mpaka dirisha la juu kabisa, akauona mkono unaovuta. Ulikuwa na bangili ya dhahabu ya marehemu mama yao.

Alipanda ngazi akisimama kila orofa, si kwa kuchoka tu. Alimkuta Ratiba anamenya vitunguu saumu, nyundo i mezani mbele yake, hakujisumbua kuificha. Pete tatu zilikuwa chini ya kochi, kwenye beseni la kufulia.

"Leo umewahi," alisema.

"Sikwenda."

Ratiba aliweka kisu chini. Fikri alikaa, akasema, "Ungeniambia, dada."

"Nikuambie nini? Mkandarasi anakuja, unamwambia utafikiri. Anarudi, bado unafikiri. Wewe unafikiri umekaa chini, mlango uko hatua moja. Mimi nafikiri niko huku." Alinyoosha kidole dirishani. "Ghorofa jipya lina lifti. Kamati ikiisajili nyumba hii haibomolewi tena, na mimi nitakufa huku juu. Mahodhi yamejaa mjini; bila pete ni nyumba kuukuu tu kama nyingine."

"Na Shehata umemtia kwenye haya."

"Shehata nilimpa ule mlango aweke meza yake wakati hakuna aliyemtaka. Nilimwambia ng'oa, akang'oa. Usimguse."

Ratiba aliendelea kwa sauti ya chini, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Alimkumbusha mara ya mwisho aliposhuka, kwenda kumzika shoga yake wa utotoni, walivyombeba kwenye kiti kama kabati, na mmoja wa wabebaji akacheka walipokwama kwenye kona ya ngazi. Siku ile aliapa kwamba atakayemshusha tena ni lifti au ni jeneza.

"Vyuma vya farasi waliokufa vimeundiwa kamati," alisema. "Mimi niliye hai nimeundiwa nini? Nina kikapu."

Fikri alikula chakula chake chote siku hiyo bila kujua ladha yake. Kilichomuuma hakikuwa uwongo wa dada yake. Alikuwa amemshuku kila aliyepita mtaani, hata punda wa muuza chuma, na muda wote huo hakuwahi kujiuliza mtu asiyeshuka ngazi huishije.

Mkandarasi alipokuja tena alimpa jibu, na jibu lilikuwa hapana. Kisha akaanza kutoa betri. Nusu ya nyuma ya duka, pale farasi walipolazwa, aliondoa vitu vyote: madumu, rafu, vyuma vya chaja. Alisugua sakafu, akapaka chokaa mara mbili, na dirisha lililozibwa kwa mbao tangu enzi ya baba yake akalifungua upya. Shehata alikuja kusaidia bila kuitwa. Alifanya kazi siku nzima hakumtazama Fikri usoni, na Fikri hakumwuliza neno. Mlango wa duka ulielekea barabarani, pembeni mwa hodhi, na haukuwa na hata kizingiti.

Ratiba alikataa kwanza.

"Nikalale walikolala farasi?"

"Walikuwa wanalala vizuri kuliko sisi," Fikri alisema. "Babu alikuwa akiwafunika blanketi."

Walimshusha kwenye kiti, yeye Fikri, Shehata na vijana wawili wa kahawani, baada ya Ratiba kuwaonya kwamba atakayecheka atamtupia kiatu. Walipokwama kwenye kona ileile ya ngazi kukawa kimya cha hatari. Aliyecheka ni yeye mwenyewe. Harufu ya tindikali ilichukua muda kuisha, na kila asubuhi alilalamika, lakini kila asubuhi alilalamika akiwa amekaa nje kwenye jua, anapokea salamu za watu ambao walidhani amekwisha kufa.

Zikabaki pete. Fikri alizifunga kwenye kitambaa akazipeleka kwenye ofisi ya kamati, akaziweka mbele ya Mahitab.

"Nilizing'oa mimi," alisema.

Mahitab alifunua kitambaa, akazigeuza moja moja. "Kwa nini umezirudisha?"

"Mambo ya nyumbani. Yamekwisha."

"Nilijua tangu siku ile," alisema yule binti, na usoni mwake kulikuwa na ile furaha ndogo ya mtu aliyehakikishiwa kwamba hakukosea. Fikri alimwachia furaha yake. Kumtaja dada yake kungempeleka Ratiba kwenye kila meza ya kahawa ya Labban.

Mwashi aliyeletwa na kamati alizirudisha pete mahali pake kwa chokaa na madini ya risasi yaliyoyeyushwa, na kwenye chuma cha kila moja Mahitab aliamuru ichongwe alama ndogo, ili pete ikionekana kwenye lango la mtu ijulikane ilikotoka. Nyumba ikasajiliwa. Kikabandikwa kibao kinacholieleza hodhi.

Lakini chai ya Fikri yule binti hakuinywa tena. Hupita kila baada ya muda, husimama mbele ya ukuta, huzikagua pete akiwa amempa Fikri mgongo makusudi. Siku moja Ratiba, ambaye alikuwa nje anachambua dengu, alimwuliza anatafuta nini.

"Nahakikisha tu, mama," alisema Mahitab, akashusha sauti. "Mwenye duka hili si wa kumwamini."

Ratiba alitazama ndani, ambako ndugu yake alikuwa ameinama juu ya betri, masikio yamewaka mekundu.

"Kweli kabisa, mwanangu," alisema. "Mwangalie sana huyo."

Fikri aliendelea kujaza maji kwenye betri. Na hata hivyo, kila Ijumaa akitoka msikitini, kabla hajamsalimu dada yake, yeye mwenyewe huzitupia pete jicho kwanza.